Sanduku la Kufuli Tatu

…na haraka ya nini, sanduku halina miguu, halikimbii, wenye miguu ni watu, wanaokimbia ni watu, na Eulalie alikuwa ameweka mkono wa kuume juu ya mfuniko na mkono haukutaka kutoka, akautazama kama mkono wa jirani, mkono wa kufua na kulima, pete ya ndoa ikicheza kidoleni tangu mwili ulipomwisha, huku wanawake wa shirika wakimngoja, wamekaa kwenye viti ambavyo marehemu mumewe Alphonse aliviranda mwenyewe, chini ya bati ambalo Alphonse alilipigilia mwenyewe, hapa Kasha, Bukavu, Jumapili baada ya misa, na Maman Delphine, mkubwa wao, alikuwa na ufunguo wake mkononi, Sifa na wake shingoni, Ornella na wake, funguo tatu za kufuli tatu, kwa maana ndivyo walivyoapa walipoanza kuweka akiba pamoja, sanduku likae kwa mmoja asiye na ufunguo, na funguo zikae kwa watatu wasio na sanduku, ili shetani asipate wa kumjaribu, waliapa hivyo mmoja mmoja wakigusa msalaba, na Eulalie ndiye aliyepewa sanduku, kwa sababu mumewe seremala ndiye aliyelitengeneza, kwa mbao ngumu ya Shabunda, akasema siku ile, mwizi atakayeliinua hili ataondoka na ngiri ya tumbo, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu… na sasa hakuna anayecheka, wanaangalia mkono. "Shemeki, tosha mukono," akasema Patrice, mdogo wake Alphonse, aliyesimama katikati ya chumba na koti lake la kuvukia mpaka, koti ambalo halivui hata jua likiwaka, "tosha mukono bafungule, mimi nivuke na ile feza mbele mupaka haiyajaa watu. Kule Kamembe, ngambo ya mupaka, benki inafunguaka kila siku. Unaingia, unaonyesha karte, banakupatia feza yako, unatoka. Hapa muko na nini? Hapa muko na sanduku chini ya kitanda." Chini ya kitanda, ndiyo, anajua lilipokaa, wote wanajua, na hakuna hata mmoja aliyeinama kulitazama wakati ule… lakini acha, asianze na hilo, Mungu ampe polepole, kichwa kikienda mbio mdomo unatukana, na leo ametoka kupokea komunyo, mkate mtakatifu bado haujashuka vizuri.

Hapa benki zimefunga, kweli, nani asiyejua, Bukavu nzima inajua, tangu Februari ile watu wenye bunduki walipoingia mjini benki ziliteremsha vyuma na havikupanda tena, na nyuma ya vyuma vile iko pesa ya Alphonse, yote, milango ya watu, vitanda vya maharusi, mabenchi ya shule, majeneza ya wafu wa wengine, miaka ya vumbi la mbao kwenye mapafu, alipeleka kila kitu kule kwa sababu alisema pesa ya nyumbani ina miguu na pesa ya benki ina kiti, na Eulalie alimwambia tangu siku ya kwanza, papa, kitu ambacho huwezi kukigusa usiku si chako kweli, akamjibu, "Maman, basi hata mbingu si yako," akacheka kile kicheko chake cha puani, na akaenda, shati safi, viatu vimepakwa rangi, kama mtu anayekwenda kubatizwa. Sasa iko wapi benki yenye kiti. Alipokwenda yeye, mguu wa Alphonse umeshavimba, alimkuta mlinzi peke yake amekaa juu ya tofali mbele ya vyuma, amevaa kaptura ya nyumbani, hana hata kofia ya kazi, akamwambia, "Maman, rudia nyumba. Hii benki siku hizi iko Kinshasa," akasema hivyo bila ubaya, kama mtu anayesema mwenye nyumba amekwenda shambani, na yeye akabaki anatazama vyuma, rangi ya kijani, kufuli kubwa kama kichwa cha mtoto, akafikiri, humo ndani mna mguu wa mume wangu… msumari tu, msumari wake mwenyewe wa karakana, aliukanyaga, na mtu mwenye sukari msumari haumwachi, kidonda kikafunguka badala ya kufunga, na hospitali, asilitaje jina lake siku ya Bwana, wakasema caution kwanza, pesa ya dhamana, kisu baadaye, wakasema hivyo kwa adabu, wakampa kiti akae wakati wanamwambia.

"Grand frère Alphonse angekuwa na compte ya benki kule," Patrice alikuwa anasema, "leo angekuwa hapa na siye. Mimi nasema kweli ya Mungu. Angekuwa hapa." Eulalie akasikia damu ikipanda masikioni, uu, akaiona midomo ya Patrice ikicheza na hakusikia lingine, kweli ya Mungu, kweli ya Mungu ipi, kwa sababu mguu ulipokuwa wa kukatwa chini ya goti na bado kuna nafasi, alimpigia Patrice simu, simu ikaita ikalala, akapiga tena, ikaita, kisha ukaja ujumbe, mupaka iko nguvu hii wiki, shemeki, tuombe, na wiki iliyofuata mpaka ukawa bado na nguvu, na iliyofuata, mpaka ulikuwa na nguvu mpaka siku ya mazishi, siku ile ukalainika kama bugali ya moto, akavuka, akalia mbele ya watu kwa sauti kubwa kuliko mjane, akala nyama, na leo tena mpaka ni laini, leo anavuka kama anavuka mtaro wa nyumbani kwake, kwa sababu leo anavuka na pesa. Mdogo wa mume. Ambaye Eulalie alimbeba mgongoni siku ya harusi yake mwenyewe, Patrice akiwa mtoto wa kuota meno. Nyamuzinda, mama yake Eulalie alikuwa akimwita Mungu hivyo, kwa Kimashi, pale hasira inapofika kooni, Nyamuzinda unaona, na hakuwa anaomba, alikuwa anashtaki.

"Papa Patrice," akasema Ornella, yule muuza sambaza, dagaa wa ziwani, mdomo wake haujawahi kufungwa na kufuli lolote, "compte itakuwa kwa jina ya nani?"

"Kwa jina yangu, kwanza. Mimi njo niko na bakaratasi ya kule."

"Kwanza! Hata baba ya batoto yangu alisemaka tukae hivi kwanza, mahari itafuata. Mukubwa amemaliza shule, mahari iko mu njia."

Wanawake wakacheka, na Patrice akacheka pia, kwa meno tu, na Ornella akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, akitazama mlango, "na tena, feza yetu tuipeleke kule kule bale ba bunduki balitokaka? Baituchungie bale bale?" na Maman Delphine akasema, "Ornella, funga kinywa, bukuta iko na masikio," na kicheko kikafa, kila mmoja akaangalia miguu yake, na Eulalie akafikiri, hata hilo, hata kusema pesa yangu sitaki ilale kule limekuwa neno la kunong'ona ndani ya nyumba yangu, chini ya bati la mume wangu, na ng'ambo ya mto Ruzizi taa zao zinaonekana usiku zimepangwa mstari kwa mstari kama shanga, benki zao zinafunguliwa asubuhi, watu wetu wanapanga foleni darajani na jeton ya kuvukia mkononi kwenda kuomba kilicho chao, wazee, wajawazito, walimu, wanavuka kuchukua pesa ya Bukavu ugenini na kurudi nayo imekatwa kipande, na kama daraja likifungwa je, limeshafungwa mara ngapi, kwa ugonjwa, kwa vita, kwa wakubwa kununiana tu, halafu utasimama upande huu wa maji unatazama taa zinawaka juu ya pesa yako… na bado Patrice hakusema uongo wote, hilo ndilo linalomuuma, ndani ya uongo wake mna mfupa wa kweli, kule wangefungua, angekuwa na compte kule wangemfungulia, mtu mwovu anaweza kushika kweli kama mwizi anavyoshika biblia, biblia haigeuki.

"Mimi pia naona ni muzuri tupeleke," akasema Sifa, polepole, na ufunguo wake umening'inia shingoni kwa uzi mwekundu, "kule Idjwi nilikuwa nalala na huu ufunguo mu shingo, sikuwa napata usingizi, nilikuwa nasema, na kama banaua mimi, sanduku ya bamaman itafunguka aje?" Usingizi! Hakupata usingizi! Eulalie akautazama ule uzi mwekundu akatamani kuuvuta, Mungu amsamehe, kuuvuta mpaka ukatike, kwa sababu Sifa alikimbia siku ya kwanza ya risasi, akapanda mtumbwi wa injini na watoto na godoro na kuku, kuku wawili hakuwasahau, na ufunguo akaondoka nao, hakukumbuka kuupitisha kwa jirani, au alikumbuka, kiapo kinasema ufunguo haupitishwi, na kisiwani simu haipiti, na mitumbwi ikakatazwa, na ufunguo wa kufuli la katikati ukakaa Idjwi unaota jua, na hapa Kasha mguu wa Alphonse unabadilika rangi. Alimwendea Maman Delphine. Hilo lazima alikumbuke sawasawa, bila kuongeza, maana hasira inaongeza. Alimwendea baada ya rozari, akapiga magoti, mtu mzima na magoti yake, akamwambia, Maman, nikopesheni, sanduku lina akiba ya sisi wote na yangu imo, na Maman Delphine akamwinua, akamkumbatia, akalia naye, machozi ya kweli, akasema, "Tungoje Sifa arudie. Kufuli ni kiapo, Eulalie. Tukivunja leo kwa sababu ya weye, kesho kila mutu atakuya na sababu yake," na ilikuwa na akili, neno lile lilikuwa na akili, hilo ndilo baya lake, akarudi nyumbani akamweleza Alphonse, na Alphonse juu ya kitanda akasema, "Maman Delphine iko na haki. Ni feza ya batu. Acha," halafu, kwa sababu ni Alphonse, akasema, "Mimi nalala juu ya feza kama mwami mu jumba yake," maana sanduku lilikuwa pale, chini yake, chini ya godoro lake, unene wa godoro tu kati ya mgongo wake na pesa, na harufu ya mguu ikashuka ikaingia kwenye mbao, mbao ya Shabunda inanywa harufu, hata leo akiinama anaisikia. Akiba haiozi, wanasema wazee. Kweli. Akiba haikuoza. Mguu ndio ulioza.

"Na tena," Maman Delphine alikuwa anasema, sauti yake ya kuongoza rozari, "hii sanduku imeshavunjwa mara moja. Mutu akijua sanduku imevunjwa mara moja, anajua itavunjika mara ya pili. Hapana mahali ya usalama tena hapa." Imeshavunjwa. Alisema hivyo. Imeshavunjwa, kama sahani iliyoanguka yenyewe, kama upepo ndio uliovunja, na kitu ndani ya Eulalie kikasimama, hata hasira ikasimama kidogo, ikageuza kichwa kama ng'ombe aliyesikia jina lake… nani alivunja, Maman? Asubuhi ile, Alphonse hajapoa, bado hawajamfunga kidevu, aliingia nani kwanza, wewe, na kitenge chako cheusi umeshakivaa, ukasema mume wa mwenzetu hawezi kuzikwa kama mbwa, tutamzika na nini, sanduku liko wapi, ukapiga magoti mbele ya kitanda, wewe sasa ndiye uliyepiga magoti, ukavuta sanduku, kisha ukatazama huku na huku unatafuta cha kuvunjia, na ukaiona, ilikuwa palepale ubavuni mwa sanduku, ndani ya kreti ya vyombo vyake, nyundo, nyundo ya Alphonse, mpini umeng'aa kwa kiganja chake, ukaichukua, ukapiga kufuli la Sifa, likaruka. Hata halikubisha. Likaruka kama kizibo cha chupa, bila kuharibika, hata leo linafunga kwa ufunguo uleule, na mbili zilizobaki mkazifungua kwa funguo, na hakuna aliyesema kiapo, hakuna aliyesema tumngoje Sifa, hakuna aliyesema kesho kila mtu atakuja na sababu yake, na pesa ikatoka, ikatoka ya jeneza zuri lenye vishikio, ya gari, ya kitenge cha sare, ya bugali na nyama kwa watu waliokaa siku zote za kilio, watu ambao hawakumletea hata uji wakati anaweza kumeza, na yeye Eulalie alikaa chini kwenye mkeka, kichwa kimefungwa, akashukuru, hilo ndilo linalomchoma, alishukuru, aliwaambia aksanti mmoja mmoja, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo mama zetu walivyofanya, kwa maiti mlango unafunguka wenyewe, hata adui anatoa, mtu anauza mbuzi ili mwenzake azikwe vizuri, lakini kwa mgonjwa tunaomba. Tunaomba sana. Tunamletea rozari na wimbo. Na nyundo ilikuwa pale. Wiki zote zile nyundo ilikuwa pale, mkono wa mtu ungeifikia bila kuinuka, mkono wake yeye mgonjwa ungeifikia, mkono wa Eulalie ulikuwa unaisogeza kila asubuhi akifagia, akiiweka upande huu, akiiweka upande ule, na hakuna aliyeiona, hata seremala mwenye nyundo hakuiona, mpaka alipokufa, ndipo ikaonekana, kana kwamba kifo ndicho kilichoileta mfukoni.

"Shemeki," akasema Patrice, na sasa uvumilivu ulikuwa umemwishia, "musitari ya mupaka inarefuka," na Eulalie akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama tu, koti, kola, ule uso wa Alphonse uliowekwa juu ya mtu mwingine, na ajabu, hasira juu yake ilikuwa imepungua, imekwenda kukaa mahali pengine, kwa sababu aliona sasa kwamba yote ni kitu kimoja, benki ya hapa ufunguo uko Kinshasa, benki ya kule ufunguo utakuwa ndani ya koti la Patrice, sanduku la kiapo ufunguo ulikuwa Idjwi, kila mahali wameweka kufuli zuri, kufuli la akili, na kila mahali mwenye ufunguo yuko ng'ambo ya maji, na padri asubuhi hii hii, misa bado imo masikioni, alihubiri habari ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya kupumzika, akawauliza, ninyi mngemwacha humo mpaka Jumatatu, na akina mama wakajibu kwa sauti moja, hapana! wakacheka, kwa sababu ni jambo la wazi, ng'ombe ni ng'ombe, Maman Delphine alijibu hapana, Sifa alijibu hapana, yeye Eulalie pia, mdomo ulisema hapana na roho haikusikia unachosema, na Alphonse alikaa kisimani wiki baada ya wiki, juu yake wamesimama watu wazuri, watu wa sala, wameshika kamba, wanangojea siku halali ya kuitupa. Bwana, si wewe uliyefunga. Nimekununia bure tangu Machi, nimesoma Baba Yetu nikiruka pale kwenye mapenzi yako yatimizwe, nikiruka kama mtu anayeruka dimbwi, nilifikiri ni wewe. Sitaruka tena. Lakini hawa, Bwana, hawa uniachie.

"Basi tuombe kwanza," akasema Maman Delphine, maana mkono ulikuwa bado palepale na yeye alijua kitu kimoja cha kufanya pale mambo yanapokwama, "tuombe, Roho Mutakatifu atulize mama yetu," na wanawake wakainamisha vichwa, Patrice akafumba macho nusu, Ornella akafumba moja, na Salamu Maria ikaanza kuzunguka chumba kile kama inavyozunguka siku zote, laini, imezoeleka, na Eulalie hakufumba, aliwatazama, vichwa vyao, vitambaa vyao vya Jumapili, funguo tatu kwa watatu, hawa ndio waliomshika wakati wa uchungu, waliomfulia alipojifungua, na wao ndio waliomzika mume wake vizuri kuliko walivyomtunza, na kesho mmoja wao ataumwa, ni lazima, labda Maman Delphine na ile presha yake, na watamletea wimbo. Hapana. Pesa haivuki. Hilo alikuwa nalo sasa, kavu na zito kama msumari mdomoni mwa seremala anayejiandaa kupiga, haivuki kwenda kwa jina la mtu wala haitarudi chini ya kitanda kuoza kwa heshima, itakaa hapa, sebuleni, mezani, kwenye macho ya watu, na kufuli zikae kama wanazitaka, zikae hata kumi, na kiapo kibaki… utuombee sisi wakosefu, walikuwa wanasema, sasa na saa ya kufa kwetu, na akasikia lile neno dogo linalotangulia, sasa, miaka yote amelisema na hajawahi kulisikia, sasa, kwanza sasa, saa ya kufa inakuja baadaye, na wao wamelipita mbio kufika kwenye kufa. Wakafika Amina. Macho yakafunguka, yakarudi pale pale, juu ya mkono, na mkono ulikuwa pale pale juu ya mfuniko, haujasogea hata unene wa ukucha, wakafikiri bado anakataa, Patrice akapumua kwa nguvu akatazama saa, na Maman Delphine akafungua mdomo aseme tena, Maman Eulalie, lakini yeye alikuwa ameshapata neno lake, alilishika kwenye ulimi asilitoe kwa kelele, alitoe polepole, wote walisikie, kwamba kabla ya ufunguo wowote kuingia popote mmoja wenu aende chumbani, ainame, kwenye kreti ya Alphonse, ailete ile nyundo, aiweke hapa juu ya sanduku, katikati ya kufuli zote tatu, isiondolewe tena hapo, ikae mahali ambapo mgonjwa ataiona angali anaona.